Nassa: Kumtafuta Mhunzi wa Ukoo Wetu

Msafiri atokaye Mwanza kwenda Musoma huwa na ziwa upande wake wa kushoto, ingawa si kila mara analiona. Barabara hupita Kisesa, Nyanguge na Magu, huvuka mto Simiyu ulioupa mkoa jina lake, kisha hukata nchi tambarare ya mashamba ya pamba na mpunga, yenye mawe makubwa yaliyopandana kana kwamba kuna mtu aliyeyapanga. Katika nchi hiyo, kando ya Ghuba ya Speke, ndipo ilipo Nassa.

Zamani Nassa ilikuwa na mtemi wake. Leo iko katika Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu, ambao makao makuu yake ni Bariadi. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Nassa ilikuwa Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza, kwa hiyo watu wazima wengi wa huko wamehama mkoa bila kuhama nyumba zao. Hata jina la ghuba si la wenyeji. Stanley alifika pwani ya Usukuma mwaka 1875, akalizunguka ziwa kwa mashua yake, akaipa ghuba hiyo jina la Speke, Mwingereza mwenziwe aliyeliona ziwa mwaka 1858. Wenyeji walikuwa wakivuka maji hayo kwa mitumbwi siku nyingi kabla ya hao wawili. Mmoja wa waliovuka ndiye aliyetupeleka Nassa.

Posa iliyosimama

Binti yetu wa pili aliposwa na kijana mwenye tabia njema, mhasibu, ambaye kwao ni Sengerema, ng'ambo ya ghuba ya Mwanza. Wazee wa upande wake walikuja nyumbani kujitambulisha. Tulikunywa chai, tukaomba pamoja, mazungumzo yakaenda vizuri. Mume wangu alipoulizwa ukoo wake, alijibu kama alivyofundishwa na baba yake: "Sisi ni Balongo, wa Nassa."

Mzee mmoja akaweka kikombe chini. Akasema taratibu, "Hata sisi, kwa upande wa babu, twaitwa hivyo hivyo."

Kila mama aliyewahi kukaa jikoni huku akisikiliza mazungumzo ya sebuleni anaufahamu ukimya uliofuata. Kwa Wasukuma, na kwa Wazinza wa ng'ambo, watu wa ukoo mmoja hawaoani. Hata familia zilizo kanisani kwa vizazi vitatu zinaiheshimu desturi hii, na Neno la Mungu lenyewe lina makatazo yake juu ya ndugu wa karibu. Wazee hawakuvunja posa. Waliomba muda, wakasema, "Tuulizane kwanza." Binti yetu alikwenda chumbani bila kusema neno.

Usiku ule mume wangu alihesabu kwa vidole. Alimjua baba yake. Alimjua babu yake, aliyefariki yeye akiwa bado shule ya msingi. Juu ya hapo alikuwa na habari moja tu, kwamba baba wa babu alitoka ng'ambo ya maji akiwa na majembe, na kwamba alikuwa mhunzi. Hakujua jina la kijiji chake wala mwaka, na kaburi lake halina alama. Basi tukapanga safari, yeye na mimi. Mimi ni Mjita, mtu wa kuolewa katika ukoo huu, lakini posa ya binti humhusu mama popote alikozaliwa.

Nyumba ya mhunzi Bujora

Tulianzia njiani, hapo Kisesa, ambako njia ya kupanda Bujora inachepuka. Bujora kuna Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, katika miaka ya 1950. Watu wengi huenda kutazama ngoma za watemi na kanisa lililojengwa kwa umbo la nyumba ya Kisukuma. Sisi tuliomba tuonyeshwe nyumba ya mhunzi.

Mama uliyezoea kununua jembe dukani, hebu fikiri lilikotoka kabla ya maduka. Ng'ambo ya magharibi, katika nchi ya Buzinza na maeneo ya Geita, kulikuwa na watu walioitwa Barongo, ambao Wasukuma huwaita Balongo. Kazi yao ilikuwa kuyeyusha mtapo, yaani mawe yenye chuma. Walichimba shimo, wakajenga juu yake tanuri la udongo, wakatia makaa na mtapo. Pembeni waliingiza mirija ya udongo, na kwenye mirija wakaunganisha mivukuto ya ngozi. Vijana walipokezana kuvukuta kwa saa nyingi, maana moto ukipoa kabla ya wakati, kazi yote imeharibika. Mwisho wake lilitoka bonge la chuma pamoja na takataka nyeusi zilizogandamana, ambazo kwa Kiswahili huitwa mavi ya chuma. Bonge hilo liliwashwa moto tena na kupigwa juu ya jiwe mpaka likawa jembe lenye umbo la moyo, na mkia mrefu wa kuchomekwa katika mpini.

Jembe hilo lilikuwa mali. Lilisafiri kwa mabega na kwa mitumbwi, likauzwa Usukuma na Ukerewe kwa nafaka, mbuzi na hata ng'ombe. Usukuma ilikuwa na udongo mzuri wa kulima na watu wengi wa kulima, na chuma kilitoka kwa hao Balongo. Kisha yakaja majembe ya kiwandani kutoka Ulaya, yakauzwa kwa bei ndogo, na matanuri yakazimika moja baada ya jingine. Mhunzi aliyebaki akawa wa kutengeneza: kunoa shoka, kufua kisu kutokana na chuma chakavu, kunyoosha plau.

Mume wangu alisimama mbele ya mivukuto ile kwa muda. Akaniambia, "Baba alikuwa akiniambia babu yake alikuwa na mikono kama mbao." Hilo hakuwahi kulisema katika miaka yote ya ndoa yetu. Nililiandika kwenye daftari pale pale.

Vitabu vilimpita pembeni

Nassa ni mahali panapojulikana katika habari za Ukristo wa Kanda ya Ziwa. Wamisionari wa CMS kutoka Uingereza waliweka kituo hapo mwishoni mwa miaka ya 1880. Siku zile Alexander Mackay, ambaye mwenyewe alikuwa mhandisi na mtu wa karakana, alikuwa akiishi Usambiro, kusini mwa ziwa, na huko ndiko alikofariki Februari 1890. Mwaka 1909 kituo cha Nassa kilikabidhiwa kwa misheni ya Africa Inland, na Emil Sywulka akaanza kazi hapo. Kutokana na kazi hiyo lilikua Kanisa la AIC Tanzania, ambalo leo lina washirika katika mikoa mingi. Biblia nzima kwa Kisukuma ilichapishwa mwaka 1960.

Kwa hiyo mtu angetegemea kwamba mahali palipoandikwa hivyo pangekuwa na habari za mhunzi wetu. Nikaanza kuuliza kama anavyouliza mtu aliyesoma. Barua za wamisionari wa CMS zimehifadhiwa Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Vitabu vya wilaya vya wakati wa Waingereza viko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Lakini fikiria waandishi wake waliandika nini. Mmisionari aliandika juu ya wanafunzi wake, waliobatizwa, na wagonjwa aliowatibu. Bwana shauri aliandika juu ya watemi, kodi, ng'ombe na pamba. Mhunzi aliyefika kwa mtumbwi, asiyekuwa mtemi wala mwanafunzi wa misheni, anapita katikati ya vitabu hivyo viwili kama maji kwenye chekeche.

Ikabidi tuwaulize watu. Mzee wa kanisa tuliyemkuta Nassa alitusikiliza, kisha akatuambia jambo lililoelekea kuwa mzaha: "Mnatafuta ukoo wa wanaume, nendeni mkamwulize mwanamke."

Mayu

Mwanamke mwenyewe alikuwa mjane wa kaka mkubwa wa baba mkwe wangu. Umri wake umepita miaka 80. Tunamwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Nyumba yake imetazama ziwa, kati ya shamba la mihogo na mawe. Tulimkuta ameketi mkekani akipepeta choroko. Nilipiga goti, nikamwamkia, "Mwadila, Mayu." Akaitikia, akanishika mkono asiuachie mpaka nimeketi karibu naye.

Mume wangu alieleza shida yetu. Mayu hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi akauliza, "Mwanangu, mumeo anakula kamongo?"

Kamongo, kwa wasiomjua, ni samaki mrefu wa ziwa hili anayefanana na nyoka, awezaye kujizika matopeni wakati wa kiangazi na kukaa humo akiwa hai. Nilijibu kwamba hali. Tangu tuoane nampikia sato, sangara na dagaa, kamongo hamgusi.

"Baba yake je, alikula?"

"Hapana, Mayu."

"Basi mmeshika mlango wenu. Na hao wakwe wanakataa nini?"

Tukatazamana. Kati yetu sote, pamoja na wazee waliokuja na posa, hakuna aliyekuwa ameuliza.

Ndipo Mayu akaeleza. Alipoletwa katika nyumba ile akiwa mwali, karibu na mwaka 1958, mama mkwe wake hakumfundisha kwanza majina ya mababu. Alimwonyesha vyungu. Alimwambia kipi kinapikwa na kipi hakipikwi, nani anapewa kidari na nani anapewa paja, na kwa nini. Mama mkwe huyo naye alifundishwa hivyo hivyo na mke wa mhunzi mwenyewe. "Msichana wa ukoo hana haja ya kuuliza," Mayu alisema, "amezaliwa anakuta. Mimi niliyetoka nje ndiye niliyepaswa kujua kila kitu, nisije nikawalisha watu mwiko wao."

Kati ya mhunzi aliyezaliwa kabla ya Wajerumani na daftari langu kulikuwa na wanawake watatu tu: mke wake, mkwe wake, na mkwe wa mkwe wake. Hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa katika ukoo ule.

Majembe ya mahari

Kwa maelezo ya Mayu, mhunzi alikuja na wenzake kuuza majembe, kama ilivyokuwa desturi, wakapita kusini mwa Ukerewe na kushukia pwani ya Nassa. Wenzake walirudi. Yeye alibaki kwa sababu ya msichana.

Wakati huo ng'ombe walikuwa wamekwisha. Sotoka, ugonjwa uliopita Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, ulikuwa umeziacha zizi nyingi tupu, na Usukuma ni nchi ambayo mahari yake ni ng'ombe. Mgeni asiye na ndugu wala ng'ombe angewezaje kuoa? Angeweza kukaribishwa tu, akaishi kwa wakwe na kuwalimia. Lakini kwa sheria ya Kisukuma, ambayo mtaalamu Hans Cory aliiandika katika kitabu chake cha mwaka 1953, watoto wa mwanamke asiyetolewa mahari ni wa upande wa mama yao. Mhunzi angezaa watoto wasiohesabiwa kuwa wake.

Akalipa kwa majembe. Idadi yake kila msimulizi ana yake, na Mayu hakutaka kubahatisha. Alichosisitiza ni kwamba mhunzi hakuyatoa yote siku moja. Aliyafua pale pale, kidogo kidogo, na mama wa msichana ndiye aliyekuwa akiyapokea na kuyakagua. Alilipiga jembe kwa jiwe na kusikiliza mlio wake. Likilia vibaya, alilirudisha. "Yeye ndiye atakayelima nalo," Mayu alisema. "Mwanamume angejuaje?"

Nilimtazama mume wangu alipokuwa akisikia haya. Huko nyuma aliwahi kuambiwa, katika maneno ya ugomvi wa mipaka ya mashamba, kwamba wao ni "watu wa kuja", kwamba babu yao alikaribishwa tu. Neno hilo lilimkaa moyoni miaka mingi. Sasa alisikia kutoka kwa mtu asiye na faida yoyote ya kumpendeza kwamba mahari ilikamilika. Hakusema kitu. Alichukua ungo wa choroko kutoka kwa Mayu akaanza kupepeta, kazi asiyoiweza, na Mayu akamwacha amwage.

Jiwe la kufulia

Tuliuliza kama kuna kitu chochote kilichobaki. Mayu akatuonyesha nyuma ya nyumba jiwe pana la rangi ya kijivu, lililozama nusu ardhini, lenye bonde laini katikati. Juu yake kulikuwa na kipande cha sabuni na shati la shule la mjukuu.

"Watoto wanaliita jiwe la kufulia," alisema. "Wanadhani ni la nguo. Wenye jiwe walifulia chuma."

Tulichimbua udongo kidogo pembeni kwa kijiti. Yakatoka mavi ya chuma, vipande vidogo vyeusi vyenye vitundu kama mkate uliochacha, ila ni vizito mkononi. Mvua za zaidi ya miaka 100 hazikuviyeyusha. Mume wangu alikuwa na hamu ya kulibeba jiwe lile Mwanza, akaliweke mbele ya nyumba yetu. Mayu alikataa bila kupepesa macho. "Na nguo tutafulia wapi?" Tulichukua vipande viwili vya mavi ya chuma tu, tukavifunga katika leso.

Nilimwuliza pia jambo lililokuwa likinisumbua. Wayeyushaji chuma wa zamani walikuwa na dawa na miiko yao. Wanawake hawakuruhusiwa kusogelea tanuri, wanaume walilala mbali na wake zao siku za kazi, na moto haukuwashwa bila matambiko. Familia nyingi zilizopokea Injili ziliona ni afadhali kunyamaza juu ya babu wa namna hiyo, nadhani ndiyo sababu sisi tulibaki na sentensi moja tu juu yake. Mayu alisema mtoto wa mhunzi, yaani babu wa mume wangu, alibatizwa hapo Nassa akiwa mtu mzima. Dawa za baba yake alizichoma. Nyundo hakuichoma. Aliendelea kufua mpaka macho yalipokataa, akitengeneza bawaba za milango, visu na majembe ya majirani, na siku ya Jumapili moto ulilala.

Nimelifikiri jambo hilo mara nyingi tangu siku ile. Mtume Paulo alishona mahema, na kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 13, kinaeleza taifa zima lililopata shida kwa kukosa mhunzi, hata likalazimika kuwaendea adui zake ili kunoa majembe. Kazi ya mikono ni zawadi. Mtoto wa mhunzi aliweza kuitenga kazi na yale yaliyoambatana nayo, na sisi wajukuu tunaweza kuwasimulia watoto wetu yote mawili bila kuficha.

Simu ya mama wawili

Jioni ile, nikiwa bado Nassa, nilimpigia simu mama wa yule kijana. Tulikuwa tumeonana mara moja tu. Baada ya salamu nilimwuliza, "Mama mwenzangu, ninyi nyumbani mnakula kamongo?"

Alicheka. "Tunamla sana, mama. Kwa nini?"

"Na kipi hamli?"

"Upande wa mume wangu hawali pongo. Hata ngozi yake haiingii ndani."

Nilimshukuru, nikawapa simu wanaume wazungumze.

Wazee walikutana tena baada ya wiki mbili. Sasa walikuwa na la kuzungumza. Mzee yule aliyeweka kikombe chini ndiye aliyelieleza vizuri zaidi. Alisema kwamba Balongo tangu zamani hawakuwa mlango mmoja. Walikuwa watu wa milango mbalimbali waliokusanywa na kazi moja ya chuma. Walipovuka maji, wenyeji wa Usukuma hawakuwa na haja ya kuuliza milango yao. Waliona nyundo na mivukuto, wakawaita wote kwa kazi yao, na watoto wao wakalirithi jina hilo kama ukoo. Mwiko wa kamongo na mwiko wa pongo ulionyesha milango miwili tofauti. Zaidi ya hapo walilinganisha majina ya mababu kwa kadiri walivyoweza, pande zote mbili, wakaona hakuna yanapokutana.

Mchungaji wetu alikuwepo. Alisema Mkristo yuko huru kula au kutokula, na kwamba mwiko haumwokoi mtu wala haumpotezi. Lakini kama alama iliyowekwa na wazee ili watu watambuane, hakuona ubaya kuisoma. Posa ikakubaliwa. Harusi ilifungwa, na leo binti yetu huvuka kwenda ukweni kwake kwa dakika chache juu ya daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, mahali ambapo sisi tulizoea kungoja kivuko.

Jambo hili la jina la kazi kugeuka jina la ukoo si letu peke yetu. Uingereza na Marekani wamejaa akina Smith, Ujerumani kuna akina Schmidt, Italia akina Ferrari, na kwa Waarabu kuna akina Haddad. Majina yote hayo asili yake ni uhunzi, na hakuna anayedhani kwamba akina Smith wote ni ndugu. Kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake. Anayetafuta babu aliyekuwa fundi, awe mhunzi, mfinyanzi, mchonga mitumbwi au seremala, aangalie kwanza kama jina aliloachiwa ni la damu au ni la kazi.

Kabla hujaenda kijijini likizo hii

Mama mwenzangu, huenda katika nyumba yako hakuna posa inayongoja. Hata hivyo watoto wanakua, na wale wanaojua wanaondoka. Haya ndiyo tuliyojifunza Nassa.

Wanaume waulizwe majina na mashamba. Lakini watafute pia wanawake walioolewa katika ukoo, hasa mjane mkubwa kuliko wote, na umwulize alifundishwa nini siku alipoingia. Usianze na maswali makubwa ya "asili yetu ni wapi". Anza na chakula: nani hali nini, chungu kipi hakichanganywi, nani anachinja, nani anagawa. Uliza mahari ilikuwa kitu gani na nani aliipokea.

Uliza juu ya kazi. Alifanya kazi gani, kwa kifaa gani, na kifaa hicho kiko wapi sasa? Vifaa vya fundi huishi kuliko fundi, ila hubadilishwa matumizi. Jiwe la mhunzi linakuwa la nguo, patasi ya seremala inakuwa ya kufungulia makopo, mtungi wa mfinyanzi unanyweshea kuku. Tazama uani kabla hujatazama ukutani.

Andika palepale, kwa maneno ya msemaji mwenyewe, hata kama yanapingana na ya mtu mwingine. Weka mwaka ulioandika na umri wa aliyekusimulia. Nakili mara mbili, nakala moja ibaki kijijini. Ukikutana na jambo ambalo familia ililionea aibu, usilifute. Liandike pamoja na namna lilivyoachwa.

Na ukiwa wewe ndiwe mkwe, kama nilivyo mimi, usiseme kwamba habari hizi ni za watu wa ukoo. Mkwe wako mwenyewe ataingia mlangoni siku moja akiwa hajui lolote, naye atakutazama wewe umwambie ni chungu kipi na kwa nini. Mayu alipotusindikiza hadi barabarani alinishika tena mkono, akaniambia nirudi kabla ya masika na daftari jingine, kwa sababu upande wa mama yake mhunzi bado hajaugusa.